Shavu la Kulia

Samaki hulazwa kichwa kikielekea kushoto. Ndivyo nilivyofundishwa siku yangu ya kwanza kazini, na ndivyo nilivyowafundisha wote walioletwa kwangu baadaye, wakiwemo wawili waliokimbia kabla ya chakula cha mchana kwa sababu ya harufu. Ukimlaza hivyo, ubavu wake wa kushoto ndio unaokutazama. Huo ndio unaopimwa, unaochorwa na unaopigwa picha. Wa kulia ni wa kazi chafu: huko ndiko tunakokata kinyama cha kupeleka kwenye vipimo vya vinasaba, na huko ndiko tunakopasua tukitaka kujua alikula nini. Wenzetu kila mahali hufanya vivyo hivyo, ili picha ya huyu ilingane na ya yule. Ni utaratibu mzuri na sina ugomvi nao, ila ndio ulioniingiza matatani.

Mimi ni mtunza vielelezo. Nina chumba cha chini cha jengo la utafiti wa bahari, rafu kutoka sakafuni hadi darini, na mitungi elfu nne na ushee ya samaki waliolowekwa kwenye spiriti. Watu huniuliza nafanya kazi gani, nikiwaambia husema "Ahaa," kisha huuliza kama samaki hao wanaliwa. Hawaliwi. Nimelijibu swali hilo miaka ishirini na miwili, na siku hizi huwajibu kwamba wanaliwa sana, tena na mifupa yao.

Mwaka huo meli ya utafiti ilituletea kimera saba waliogandishwa. Kimera ni jamaa wa mbali wa papa na samaki taa, hana mfupa hata mmoja, mwili wote ni gegedu. Huishi chini kabisa, mita mia sita, mia nane, ambako jua halifiki. Ana kichwa kikubwa, macho makubwa ya kijani, ngozi laini isiyo na magamba, mwiba mmoja mgongoni, na mkia unaochongoka kama wa panya. Mabaharia wa meli za kukokota nyavu humwita panya hivyo hivyo na kumtupa. Usoni ana mistari iliyochimbika, inayopita chini ya jicho na kushuka shavuni. Hiyo ni mifereji yake ya kuhisia. Kwa hiyo hujua maji yametikisika wapi. Kwetu sisi mistari hiyo ndiyo kitambulisho chake.

Kuwatambua kuna ufunguo. Si wa mlangoni. Ni orodha ya maswali, kila swali na majibu mawili, na kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine mpaka ufike kwenye jina. Mwiba ni mrefu kuliko pezi au mfupi? Pezi la chini limeachana na mkia au limeungana nao? Unateremka hivyo mpaka swali la tisa: mifereji miwili ya shavuni inatoka kwenye shina moja, au kila mmoja unatoka peke yake? Kama ni shina moja, huyo ni kimera wa kawaida, anayejulikana tangu zamani. Kama kila mmoja unatoka peke yake, huyo ni Bibie.

Bibie ni jina letu la chumba cha chini. Jina lake rasmi, lile refu la vitabuni, ni jina la mkazamjomba wangu. Aliyemgundua ni mjomba, ndugu wa mama yangu, miaka thelathini na moja iliyopita, na ufunguo ni wake pia. Alikuwa na chumba hiki kabla yangu. Katika maisha yake yote alitambua samaki kwa maelfu, lakini spishi mpya aliipata hiyo moja tu, akampa mkewe. Mkazamjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa. Alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo mjomba hamtaji sana mkewe, ila kila tukionana huniuliza, "Bibie hajambo?" nami humjibu kwamba spiriti yake nimeiongeza.

Sasa, samaki nambari tano. Alikuwa amegandia kwenye kona ya beseni na shavu lake la kushoto likabonyea kwenye ukuta wa beseni. Barafu ilipoyeyuka sikuweza kuona kitu. Nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja katika miaka ishirini na miwili: nikamgeuza ili nimtambue kwa upande wa pili. Shavu la kulia lilikuwa safi kabisa, na mifereji yake ilitoka kwenye shina moja. Kimera wa kawaida. Nikaandika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimelala vizuri mwezi mzima. Lakini mimi nina roho ya kuchokonoa. Nikalirudia lile shavu la kushoto, nikalinyoosha kwa kidole, nikalikausha kwa upepo wa pampu ndogo, nikadondosha tone la rangi ya bluu ambayo huingia kwenye mifereji na kuidhihirisha. Kila mfereji ulitoka peke yake. Bibie.

Samaki mmoja, kichwa kimoja, majina mawili. Niliosha, nikakausha, nikatia rangi tena. Kisha nikawageuza wale sita waliobaki, mmoja mmoja. Watano pande zao zililingana. Namba mbili naye alikuwa na jina hili kushoto na lile kulia.

Nilipanda juu kwa mkuu wa kitengo. Ni mtu mwema, hajawahi kumkosea mtu, lakini alikuwa na ripoti ya meli ya kumaliza ndani ya wiki mbili na uso wake ulionyesha.

"Kushoto panasemaje?" aliniuliza.

"Bibie."

"Basi ni Bibie. Andika tupeleke."

"Kulia panasema wa kawaida."

"Nani alikutuma kulia?"

Nilimwambia hakuna aliyenituma. Akavua miwani akapangusa kwa shati. Akasema utaratibu ni kushoto, ufunguo ni wa kushoto, na mimi nikiandika vya kushoto sitakuwa nimedanganya. Vipimo vya vinasaba tumeshavipeleka, majibu yatachukua miezi, yakija na maneno yake tutayasikia. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Ningeweza kuandika, na asingejua mtu yeyote isipokuwa mimi na samaki.

Lakini niliona tayari jambo linakwenda wapi. Kama mifereji hiyo hubadilika kwenye uso wa samaki mmoja, basi swali la tisa si swali. Na Bibie alikuwa amesimama juu ya swali la tisa peke yake. Ukiliondoa, hakuna Bibie, kuna kimera wa kawaida aliyepewa jina la pili kwa makosa. Kwa sheria za kazi yetu jina la zamani ndilo hubaki na jipya hufutwa. Jina la mkazamjomba lingefutwa, na mimi ndiye ningekuwa nimeshika kifutio.

Nilianza kwa binti yao, kwa sababu ni mwoga. Binamu yangu huyu ni muuguzi, na ukoo mzima unamwita Sista, hata wakubwa wake. Ndiye anayekaa na mjomba. Nilimkuta jikoni akipanga dawa za mzee kwenye kile kisanduku chenye siku za wiki. Nilimweleza yote, pamoja na rangi ya bluu. Alinisikiliza bila kuacha kupanga, mpaka alipofika Alhamisi.

"Mzee ana miaka themanini na moja," akasema. "Ana presha. Anakula nusu sahani. Unataka kumwambia kwamba kitu pekee alichompa mama hakikuwepo?"

"Samaki wapo, Sista. Jina ndilo..."

"Jina ndilo nini? Usinifundishe. Kaburini kuna jiwe, na jiwe limeshaanza kufutika. Jina la mama lililobaki zima ni lile la kwenye vitabu. Wewe mama alikulea. Ulikuwa ukikojoa kitandani akasema ni maji yamemwagika."

Nilimwambia hilo halikuwa na uhusiano wowote na kimera. Akasema lina uhusiano sana. Nilimpenda na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha dirishani, miwani mbili shingoni, moja ya kusoma na moja ya mbali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja na bahasha. Mtu mwenye habari njema haji na bahasha."

Nilimpa picha. Aliziangalia moja moja akizisogeza kwenye mwanga. Nilidhani atauliza hizi ni nini. Hakuuliza, alizisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu anayemfahamu.

"Ulikausha?"

"Kwa pampu. Halafu rangi."

"Rangi hutambaa. Inaweza kuunganisha visivyoungana."

"Nimeosha nikarudia mara tatu."

"Huyu ni kilema. Kila kundi lina kilema wake."

"Wako wawili, Mjomba. Kati ya saba."

Akaziweka picha juu ya goti, akazipanga kingo zilingane.

"Nani alikwambia ugeuze samaki?"

"Shavu la kushoto lilikuwa limeharibika."

"Limeharibika unaandika limeharibika, unakwenda kwa mwingine! Nilikuchukua umefeli hesabu, hujui hata kalamu inashikwa wapi. Nikakuweka mezani kwangu, nikakuonyesha kupima jicho la samaki. Leo unakuja kunipima mimi?"

"Sikupimi wewe, Mjomba. Napima samaki."

"Toka."

Alisema polepole, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitoka. Nililia kwenye ngazi, nikajiona mjinga, mwanamke wa miaka arobaini na saba analia kwa sababu ya mifereji ya samaki. Sista alinipita akipanda na mkoba wa soko. Aliniangalia mara moja, akaendelea kupanda.

Jumatatu saa mbili kasoro mlinzi wa getini alinipigia simu kwamba kuna mzee anagoma kuandikwa kuwa mgeni. Nikapanda mbio. Mjomba alikuwa amesimama mbele ya daftari, amevaa koti lake la maabara la zamani lenye kola iliyokwanyuka, Sista amemshika mkono upande mmoja. Mwishowe aliandika. Penye sababu ya kuja aliandika "Kazi", akaweka nukta.

Hakunisalimia. Alishuka ngazi za chumba cha chini akizihesabu kwa mguu, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma kana kwamba alitoka jana.

"Nitolee wote," akasema. "Na wa kawaida pia, kumi. Chagua bila kuchagua."

Katika mitungi yetu Bibie wako kumi na wawili. Nikaitoa yote, nikamwekea taa, pampu na chupa ya rangi. Rangi aliisukuma kando. Alitumia upepo na lenzi yake mwenyewe, ile ya kukunja. Kila samaki alimlaza kichwa kushoto, akaangalia, akaandika. Halafu akakaa kidogo. Halafu akamgeuza. Ilimchukua siku nzima kumaliza wanne. Sista alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amejifunga mtandio puani, akitoka kila saa kumletea maji na kidonge.

Nilikuwa namwombea. Nasema kweli. Mimi niliyeanzisha yote nilikuwa nikisimama nyuma yake nikiomba kila shavu la kulia lifanane na la kushoto, nionekane mpumbavu, niombe radhi, tuongeze spiriti tufunge. Siku ya kwanza wote wanne walilingana. Mjomba alipanda ngazi akipiga mluzi. Siku ya pili mkono ulishazoea, akaenda mbio mpaka usiku. Wa sita alikuwa na pande mbili tofauti. Wa saba alilingana. Wa tisa na wa kumi, tofauti. Wale kumi wa kawaida, wawili kati yao walikuwa na shina moja upande huu, na upande ule mifereji imeachana. Hakupiga mluzi tena. Aliandika tu, kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima.

Wa mwisho alimwacha kwa siku ya tatu. Huyo mtungi wake una utepe mwekundu. Ukiipa spishi jina, lazima uchague samaki mmoja ambaye jina litatundikwa kwake, na mwenye shaka yoyote baadaye huja kumwangalia huyo. Wengine wote wanaweza kuwa vilema. Yeye ndiye jina lenyewe. Mjomba alimtoa kwa mikono yake, nami nikaweka yangu chini yake, isimguse, ila iwe karibu.

Upande wa kushoto hakukawia. Alimgeuza. Ubavuni kulikuwa na pale alipomkata mwenyewe zamani, kovu kubwa limegeuka kahawia. Shavu lilikuwa zima. Akapuliza upepo, akainama na lenzi, akakaa hivyo mpaka Sista akasimama kutoka kwenye ndoo.

"Wewe unaona nini?" mjomba akaniuliza. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu aagize mitungi, nje ya "leta" na "weka".

Niliangalia. "Shina moja."

"Sema kwa sauti, na huyu asikie."

"Shina moja, Mjomba."

"Baba, labda ni..." Sista alianza.

"Hakuna labda. Kushoto hivi, kulia vile. Nilimtundikia jina samaki wa kawaida." Akatafuta kiti kwa mkono, nikamsogezea. "Niliangalia upande mmoja tu wa uso wake, kwa miaka thelathini na moja."

Sista akaanza kulia, kilio cha hasira. Akasema sasa itakuwaje, mama anaondoka vitabuni, watu watafanyaje, watamchora mstari? Mjomba akamwambia ndiyo, watamchora mstari.

"Na wewe unakubali?"

"Mama yako hakuwa samaki," mjomba akasema. Kisha akanigeukia. "Kesho saa mbili. Washa mashine ya kuandikia. Mimi nasema, wewe unaandika."

Alikuja saa moja na nusu. Nilikuwa nimeshaandaa ukurasa, na juu nilikuwa nimeweka jina langu kwanza, lake la pili. Kwa kawaida yetu aliyeona ndiye hutangulia, na sikuwahi kuwa na jina langu juu ya kitu chochote kilichochapishwa. Nilikuwa nimelitazama kidogo kabla hajafika, sitakataa. Alivaa miwani ya kusoma akanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Geuza hayo."

"Sawa, Mjomba."

"Usinune. Nilimpa mimi, nitamwondoa mimi. Ukitangulia wewe, watu watasema mpwa alimfuta mkazamjomba wake aliyemlea. Sitaki wakuseme hivyo, na Sista atakuwa wa kwanza."

Nikageuza. Nilimwuliza kama tusingesubiri majibu ya vinasaba.

"Ya nini? Yakija yatukute tumeshasema."

Alitamka yote kwa siku moja na nusu. Maelezo ya samaki, jedwali la mashavu ishirini na tisa kushoto na ishirini na tisa kulia, na pendekezo kwamba kuanzia sasa kimera wapimwe pande zote mbili. Swali la tisa la ufunguo akaliondoa kwa sentensi mbili. Ilipofika mahali pa kufuta jina aliinuka akasimama, akalitamka lote kamili, la mkewe, na nyuma yake jina lake yeye mgunduzi na mwaka, kama yanavyoandikwa kwenye kazi yetu, akasema, "Halitumiki tena," akakaa. Niliandika bila kosa hata moja.

"Bado shukrani," nikasema, ili niseme kitu.

Akaanza. Nahodha na mabaharia wa meli. Mkuu wa kitengo, kwa uvumilivu. Sista, kwa usafiri na dawa. Nikacheka, naye akatabasamu kidogo. Kisha akavua miwani.

"Andika. Mwandishi wa kwanza anamshukuru marehemu mke wake, ambaye alipoonyeshwa mchoro wa samaki huyu kwa mara ya kwanza, aliuliza upande wa pili ukoje."

Nikaacha kuandika. "Aliuliza kweli, Mjomba?"

"Aliuliza. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya watoto. Nilimwekea mchoro juu ya madaftari, nimefurahi, nataka aone jina lake. Akaliona, akafurahi. Halafu akaigeuza karatasi, kwa sababu alizoea watoto kuendelea nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Akaniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya watu, asiingilie." Alipangusa miwani iliyokuwa safi. "Akarudi kwenye madaftari yake. Na mambo ya samaki hakuniuliza tena mpaka anakufa. Endelea kuandika."

"Nilidhani sentensi imeisha."

"Imebaki moja," akasema. "Andika: Hakujibiwa."